Jina Bila Sura

Wasomi wengi waliiona televisheni ya Marekani ya miaka ya 1950 kuwa adui wa kitabu, na mwandishi aliyekubali kuketi kwenye mchezo wa maswali alihesabiwa kuwa amejishushia hadhi. Naamini walikosea. Mcheza sinema hutambuliwa kwa uso, mwimbaji kwa sauti. Mwandishi huingia kila nyumba kwa jina tu, na anaweza kupanda basi moja na msomaji wake wasijuane. Michezo ile ilijengwa juu ya fumbo hilohilo.

Tazama What's My Line?, kipindi kilichorushwa na CBS kuanzia 1950 hadi 1967. Mgeni aliingia, akashika chaki, akaandika jina lake ubaoni, kisha akaketi kando ya mwendeshaji, John Daly. Jopo lilikuwa na kazi ya kubahatisha mtu huyu anafanya shughuli gani, kwa maswali ya ndiyo au hapana. Kila hapana ilimpa mgeni dola 5, na hapana ya kumi ilimaliza mchezo kwa dola 50. Akija mtu mashuhuri, wanajopo walifunikwa macho. Miongoni mwao, Jumapili baada ya Jumapili, alikuwapo Bennett Cerf, mwasisi mwenza wa Random House, wachapishaji wa William Faulkner. Hapo uandishi ulikuwa kazi kati ya kazi, uliulizwa kama unavyoulizwa ufundi wa cherehani, na sioni heshima kubwa kuliko hiyo.

To Tell the Truth ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1967 Hunter S. Thompson aliketi na wanaume wengine wawili, kila mmoja akidai kuwa ndiye Thompson, aliyefuatana na genge la waendesha pikipiki la Hell's Angels na kuliandikia kitabu. Kitabu kilikuwa sokoni, mwenyewe hajulikani. Muweke hapo nyota wa sinema, na mchezo umekufa kabla ya swali la kwanza.

Yupo atakayemtaja Charles Van Doren, mhadhiri na mtoto wa mshairi, aliyekiri mwaka 1959 mbele ya kamati ya Bunge kwamba kwenye mchezo wa maswali wa Twenty-One alipewa majibu mapema. Hoja hiyo ina uzito, maana aibu ile iliwaangukia wenye elimu wote. Lakini Twenty-One ilimlipa dola 129,000, na waandaaji walihitaji shujaa wa kurudi kila wiki. Kwa dola 50 nani angehangaika kuiba majibu?

Wala fedha nyingi hazikuharibu kila aliyezigusa. Mwaka 1961 William Peter Blatty alishiriki You Bet Your Life ya Groucho Marx, na zawadi ikawa dola 10,000. Aliacha ajira, akakaa kuandika. Kitabu chake, The Exorcist, kilitoka 1971.