Mbwa wa Zizi na Mbwa wa Geti

Mageti mengi ya Mbeya na Iringa yana bango la "Mbwa mkali", na nyuma ya geti mara nyingi yupo kweli: mbwa mkubwa jamii ya German Shepherd au chotara wake, anayeshinda kwenye mnyororo na kufunguliwa usiku watu wakishalala. Wenye nyumba wengi wanaamini kwamba mbwa wa ulinzi ndivyo alivyo, kwamba ukimwachia mchana atamrarua mpita njia. Nadai kuwa imani hiyo ni changa, na historia ya ufugaji katika Nyanda za Juu Kusini inaipinga. Mbwa wa kuaminika bila kamba amekuwapo huku siku nyingi, kwenye maboma ya wafugaji, na kilichomfanya aaminike ni wale aliolelewa nao. Amri na mnyororo vina nafasi ndogo sana katika habari hiyo.

Tuanzie Usangu, uwanda wa malisho mkoani Mbeya unaopakana na Uhehe, nchi ya Wahehe huko Iringa. Vita vya Wasangu na Wahehe katika karne ya 19 vilikuwa pia vita vya ng'ombe, na baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1970, Wasukuma, Wamasai na Wabarabaig waliingia na makundi yao. Maisha ya namna hiyo hayana nafasi kwa mbwa wa kufungwa. Mbwa wa boma ni wa kienyeji, mwembamba, anayekula makombo ya ugali. Asubuhi huongozana na vijana hadi malishoni, jioni hurudi na mifugo, na usiku hulala nje ya miiba ya zizi ili abweke fisi akinusa. Siku nzima anapishana na ndama, watoto na wageni. Anayeng'ata mtoto au kufukuza mbuzi hakai bomani, hivyo kizazi baada ya kizazi wanaobaki na kuzaa ni wale wanaojua nani wa nyumbani na nani adui. Utani maarufu unaowaandama Wahehe kuhusu nyama ya mbwa umewafanya Watanzania wengi wamtaje mbwa wa Iringa kwa kicheko tu, na umefunika habari hii nzito ya kazi na malezi. Sheria nazo zilipunguza kazi zake: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inaharamisha kuwinda kwa mbwa bila idhini. Ulinzi wa mifugo ndio uliobaki.

Mbwa wa geti alikuja kwa njia nyingine. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikufa Julai 1898. Mwaka uliofuata, huko Ujerumani, Max von Stephanitz alianzisha chama cha wafugaji wa German Shepherd. Mbwa aliyemchagua kuwa kielelezo alikuwa wa wachungaji wa kondoo, mbwa aliyefanya kazi akiwa huru kando ya kundi. Ni baada ya hapo tu ndipo polisi na majeshi walipomchukua na kumfunza kwa amri. Walowezi wa Kizungu waliomiminika Iringa, Mufindi na Mbeya katika miaka ya 1920, wakati Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, alipowakusanya wenzake Tukuyu mwaka 1925, walijenga aina ya makazi ambayo mbwa alikuwa sehemu ya mpaka wake: nyumba, uzio, lango, na mnyama wa kumtisha aliye nje. Mji ukarithi uzio na mbwa, lakini haukurithi mchungaji aliyemlea. Kwa maoni yangu hapo ndipo hasara ilipoingia.

Jinsi malezi yanavyofanya kazi imeelezwa vizuri na watu wa mbali. Mwaka 1833, huko Uruguay, Charles Darwin aliona mbwa wakubwa wakilinda kondoo maili kadhaa kutoka kwenye nyumba yoyote, bila mtu. Alielezwa kwamba mtoto wa mbwa hutengwa na mama yake akiwa mdogo sana, hunyonyeshwa na kondoo, hutandikiwa sufu ndani ya zizi, na haruhusiwi kuchangamana na mbwa wenzake wala watoto wa nyumbani. Watafiti wa mbwa Raymond na Lorna Coppinger walifikia hitimisho lilelile kwa majaribio yao Marekani kuanzia miaka ya 1970: dirisha la kujenga uhusiano hufunguka mbwa akiwa na wiki chache na kuanza kufungwa anapokaribia miezi minne. Shirika la kuhifadhi duma la Namibia, lililoasisiwa na Laurie Marker, limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Anatolia, aina ya mbwa wa kulinda mifugo wenye asili ya Uturuki, tangu 1994. Kutoka huko, katika miaka ya 2010, mradi wa wanyama walao nyama wa Ruaha, ulioasisiwa na Amy Dickman mwaka 2009, ulileta mbwa wachache wa aina hiyo kwa wafugaji wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mkoani Iringa. Mbwa wa Anatolia akikomaa anaweza kupita kilo 50. Lakini kazi yake huanza akiwa mdogo ndani ya banda la mbuzi. Akiuma sikio la mwana mbuzi, mchungaji humshika ngozi ya shingo na kumtenga. Akizidi, beberu humkumbusha kwa pembe. Akishakua hategemei amri. Husimama kati ya kundi na hatari na kubweka kwa sauti nzito, na kwa kawaida chui au fisi huona afadhali aondoke. Simba ni jambo jingine: hakuna mbwa atakayemshinda, ila kelele zake huwaamsha wenye mikuki na tochi.

Mtu atasema hiyo ni damu ya Anatolia, na mbwa wa mjini hana damu hiyo. Damu ina uzito wake, sikatai. Mbwa wa mababu wawindaji atavutwa kukimbiza. Lakini mbwa wa Anatolia aliyekulia uani bila kuona mbuzi naye huweza kuwafukuza, na mbwa wa kienyeji wa Usangu, asiye na cheti cha ukoo, anapita katikati ya ndama bila tatizo. Mwingine atataja mbwa wa polisi, anayetii bila kamba. Ni kweli, na kazi yake inastahili heshima. Ila utii ule una mwenyewe: askari anayeshinda naye, anayemzoeza kila siku maisha yote ya kazi ya mbwa. Mwenye nyumba wa mjini hununua mbwa wa miezi sita aliyekulia bandani, humfunga kwenye nguzo, kisha hushangaa kwamba akifunguliwa haitiki akiitwa. Mbwa huyo hakufundishwa ulinzi. Alifundishwa kuogopa kila kitu kinachopita. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamtaka mfugaji asimtese mnyama wake, na mnyororo wa kutwa, mwaka nenda mwaka rudi, unapaswa kusomwa kwa jicho hilo.

Pingamizi ninalolipa uzito mkubwa ni la maradhi. Mbwa wanaozurura husambaza kichaa cha mbwa, ambacho dalili zikishajitokeza huua karibu kila mtu anayekipata. Mwaka 1994 homa ya mbwa (distemper), maradhi mengine wanayoeneza mbwa, iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na Ruaha ina mbwa mwitu ambao ugonjwa wa aina hiyo ungeweza kuwafyeka. Hoja hii inazuia kuzurura, na hapo nakubaliana nayo kabisa. Haitetei mnyororo. Mbwa wa zizi hazururi, kwa sababu anaowalinda ndio wanaomshikilia mahali pake. Isitoshe, kinga ya jamii dhidi ya kichaa cha mbwa inahitaji kuchanja takriban asilimia 70 ya mbwa wote. Kwenye vituo vya chanjo vijijini, mbwa wengi huletwa na watoto, mikononi au kwa kipande cha kamba ya katani. Afisa mifugo humchoma sindano mbwa wa namna hiyo katika muda mfupi, ilhali mbwa wa geti asiyeweza kushikwa hata na mwenye nyumba wake hubaki nyumbani bila chanjo.