Ingizo na Towe katika Chuo cha Dartmouth, 1964–1966

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanafunzi wa kompyuta katika vyuo vya Marekani kwa kawaida alifundishwa ingizo, yaani data na maagizo yanayopelekwa kwenye mashine, na towe, yaani matokeo yanayotolewa na mashine hiyo, kama mambo mawili yaliyotenganishwa na saa nyingi za kungoja. Alikabidhi bunda la kadi zilizotobolewa matundu, kila kadi ikiwa na nafasi ya herufi 80, kisha akarudi baadaye kuchukua karatasi ambayo mara nyingi haikuwa na jibu lolote, bali taarifa kwamba mahali fulani pamekosewa.

Walimu wawili wa hisabati wa Dartmouth, mjini Hanover, John Kemeny na Thomas Kurtz, waliamini kwamba kungoja huko ndiko kulikoua somo, hasa kwa wanafunzi wasiosoma sayansi, ambao chuoni hapo walikuwa wengi. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964 mfumo wao ulianza kazi: kompyuta moja aina ya GE-225 iligawa muda wake kwa vipande vifupi, ikawahudumia watumiaji kadhaa kwa zamu za haraka kiasi kwamba kila mmoja alijiona yuko nayo peke yake. Mwanafunzi alikaa mbele ya teletaipu, mashine yenye vibonye vya kuingizia na kichapishi cha kutolea katika umbo moja, iliyopiga herufi 10 kwa sekunde.

Jambo lisilotajwa vya kutosha ni kwamba lugha yao ya programu, BASIC, ilianza na agizo la PRINT, la kuchapisha towe, bila agizo la INPUT; data ziliandikwa ndani ya programu yenyewe chini ya neno DATA na kusomwa kwa READ. INPUT ilipoongezwa, kufikia 1966, programu iliweza kusimama katikati ya kazi, ikapiga alama ya kuuliza na kumsubiri mtu. Mwanafunzi aliyeandika programu ya kutafuta mraba wa namba alijibu alama hiyo kwa 7, na papo hapo 49 ikachapwa chini yake, hivyo ingizo na towe vikabaki katika karatasi ileile, na mwalimu akaweza kuufuata mstari kwa mstari mwendo wa fikra za mwanafunzi wake.