Gorila wa Fedha wa 1975: Historia na Uso wa Sarafu ya Zaire

Mwaka 1975 Zaire, yaani Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo, ilitoa sarafu tatu za wanyamapori katika mfululizo wa kimataifa wa uhifadhi ulioungwa mkono na mashirika ya WWF na IUCN: zaire mbili na nusu ya fedha yenye gorila wa milimani, zaire 5 ya fedha yenye okapi, na zaire 100 ya dhahabu yenye chui. Gorila huyo ni wa Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert. Makazi yake yanafika misitu ya Jomba, juu ya mji wa mpakani wa Bunagana, ambako watalii waliotoka Kisoro, Uganda, walikuwa wakivuka ili kwenda kumwona. Sarafu hizo hazikukusudiwa kwa ununuzi wa sokoni. Zilipigwa Royal Mint, Uingereza, zikauzwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo, na inasikitisha kwamba wakazi wa miteremko hiyo ndio waliokuwa na nafasi ndogo kabisa ya kuziona.

Zilitolewa kwa ubora wa kawaida na kwa ubora wa prufu, yaani sarafu inayopigwa kwa uangalifu wa pekee kwa ajili ya kuhifadhiwa. Zaire mbili na nusu ya prufu ina uzito wa gramu 28.28 na kipenyo cha milimita 38.61, nayo ina sehemu 925 za fedha halisi katika kila 1,000. Kabla ya kuipiga, mihuri ya chuma husuguliwa kwa unga laini wa almasi mpaka ing'ae, kisha mahali penye picha hupewa ukungu mweupe. Kisahani cha fedha nacho hung'arishwa, halafu hugandamizwa zaidi ya mara moja, polepole. Ndiyo maana uwanda wa sarafu huwa kama kioo, mnyama huonekana mweupe juu yake, na ukingo husimama wima bila kulegea.

Mabishano mengi juu ya kasoro za prufu huanzia kwenye mistari midogo ya uwandani. Anayeichunguza ashike sarafu kwa ukingo, aiinamishe chini ya taa moja, na atazame kwa kioo cha kukuzia. Mstari ulioinuka ulitoka kwenye muhuri: ni mkwaruzo wa kung'arishia chuma, ambao kwenye fedha hutokea umegeuka kuwa tuta. Mstari wa namna hiyo hukatika ukifika kwenye mchoro, kwa sababu mchoro umechimbwa ndani ya muhuri na usuguaji haukuufikia. Mstari uliozama, unaopita uwandani na kupanda juu ya bega la gorila bila kukatika, ulikuja baadaye: mtu alisugua sarafu kwa kitambaa, majivu au dawa ya meno. Wa kwanza hauipunguzii sarafu heshima, ila wa pili huiharibu moja kwa moja.

Uzi wa kitambaa ukibaki juu ya muhuri huacha mfereji mwembamba uliojipinda. Grisi ikijaa kwenye herufi, herufi hutoka hafifu au hupotea. Muhuri uliozunguka mahali pake hutambulika kwa kugeuza sarafu mbili za aina moja kwa pamoja na kulinganisha wima wa picha. Makosa makubwa ni adimu katika prufu kwa kuwa kila kipande hukaguliwa, lakini hutokea: mwaka huohuo wa 1975, senti 10 za prufu za Marekani zilipigwa kwa muhuri usiokuwa na herufi S ya kiwanda cha San Francisco, na ni mbili tu zinazojulikana. Kongo yenyewe ina mfano wa zamani zaidi, ingawa si wa prufu. Katika sarafu za shaba zenye tundu za enzi ya Leopold II zimo za 1888 ambazo 8 ya mwisho imekaa juu ya 7, kwa kuwa muhuri wa mwaka uliotangulia ulichongwa upya badala ya kutupwa.

Uso usio wa kawaida si lazima uwe kosa. Ipo prufu isiyong'aa kabisa, kama seti ya Uingereza ya kutawazwa kwa Edward VII mwaka 1902, iliyopewa makusudi uso mkavu. Sarafu ya kawaida iliyotoka kwenye muhuri mpya nayo yaweza kung'aa kama kioo, lakini ukingo wake huwa wa mviringo zaidi na ukungu wa mchoro huwa haba. Madoa meupe kama maziwa juu ya fedha aghalabu hutokana na masalia ya dawa za kuoshea kiwandani. Rangi ya samawati au zambarau ya pembeni ni kazi ya salfa ya hewa na karatasi, na kuiondoa kwa tindikali huacha uso mfu, usio na uhai hata chini ya taa kali.

Baada ya faranga kurudi mwaka 1998, Benki Kuu ya Kongo iliruhusu sarafu nyingi za wakusanyaji, nyingine zenye picha za rangi, na mwaka 2005 hata faranga 5 ya mbao. Kwa zile za rangi, kipimo cha tuta na mfereji hutumika kwenye chuma kilichobaki wazi tu. Penye rangi hutazamwa mipaka: iliyovuka mchoro, iliyobanduka, au iliyosahauliwa.