Mwili Uliotoka Kwenye Mpingo

Nani kasema picha ya mtu lazima ifanane na mtu? Waulize Wamakonde. Miaka ya 1950 Samaki Likankoa alichonga shetani kwenye mpingo, na wenzake wakamfuata: mwili ukapindika, jicho likahama, mkono ukawa kama tawi. George Lilanga, mzaliwa wa kusini wa mwaka 1934, naye alianza kwa kuchonga. Miaka ya 1970, pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, akaingia kwenye rangi. Matumbo, masikio na midomo vikajaa ubao mzima. Alifariki 2005. Basi wewe kijana wa Nachingwea unayeambiwa umewaiga Wazungu, tulia bwana. Kuchora yaliyo ndani ya mtu ni urithi wa huku huku kusini.