Meni Swichi na Udongo wa Meru

Katika nyumba za Uingereza zilizofungwa umeme karne iliyopita, nyekundu ni rangi ya moto: waya mwekundu ndio unaoleta umeme na mweusi ndio unaourudisha. Marekani, mweusi ndio wenye moto, na mweupe ndio wa kurudisha. Ujerumani ya kabla ya mwaka 1965 ilikuwa na mpango wake mwingine kabisa, kwani huko mwekundu ulikuwa waya wa athi, ule unaoingia ardhini, ambao mtu hutarajia kuushika bila kudhurika. Fundi aliyehama nchi akabaki na mazoea ya alikotoka angeweza kufa kwa kujiamini.

Arusha haikuchagua, ilirithi. Anayepanda darini kwenye nyumba ya zamani kule Uzunguni au Kaloleni hukuta nyekundu na nyeusi za Mwingereza, mpira wake umekauka, ukiukunja unapukutika kama ganda la karanga. Kikiwepo chumba kilichoongezwa juzijuzi, hukuta pia kahawia na bluu, rangi ambazo Uingereza yenyewe ilizihamia moja kwa moja mwaka 2006. Nyaya hizo zote zinashuka ukutani na kukutana kwenye boksi moja, ambalo kwetu huitwa meni swichi. Neno hilo limemeza kila kitu: swichi kuu, fyuzi, sakiti breka na kibati kinachozifunika. Kwa hiyo mwenye nyumba anaposema "nataka kubadilisha meni swichi", hajasema bado anataka kubadilisha nini. Ulinganisho wangu unaanzia hapo, kwa sababu kila nchi inapobadilisha boksi hilo huwa inajibu hofu yake yenyewe.

Boksi la zamani la Arusha ni la chuma cheusi, mkono wa kuwashia upo ubavuni, na pembeni yake kuna fyuzi za kaure au bakelaiti zilizopigiliwa kwenye ubao. Lilitengenezwa kwa ajili ya balbu chache, redio na pasi. Leo linabeba friji, mikrowevu, pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki na, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, presha kuka ya umeme pia. Lakini mzigo mzito kuliko yote ni hita ya kuogea. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na mwezi Julai, ukungu wa Meru unaposhuka hadi Sekei, hakuna anayeoga maji ya bomba kwa hiari. Hita ya wati 5,500 kwenye volti 230 huvuta ampea 24. Fyuzi inakatika, mtu ananyofoa uzi wa shaba, anaukunja mara mbili, anaurudisha. Maji yanapata moto na nyumba nayo inaanza kupata moto, darini, asikoona mtu.

Dhambi hii haina taifa. Wamarekani wa enzi za fyuzi za kuskurubu walikuwa wakitumbukiza senti ya shaba nyuma ya fyuzi iliyoungua, na Waingereza walitumia pini za nywele na misumari. Tofauti ilijitokeza pale kila mmoja alipoamua kutubu.

Marekani ilitubu kwa kuongeza ukubwa. Soketi zake za kawaida ni za volti 120, takriban nusu ya zetu, kwa hiyo kazi ileile hudai mkondo mara mbili, na nyumba nyingi zimejengwa kwa mbao. Nyumba ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia iliyokuwa na boksi la ampea 60 ilipandishwa hadi 100, na leo 200 ni jambo la kawaida. Msomaji aliyeishi Minnesota anajua kwamba huko kuboresha paneli maana yake ni kuongeza ampea na nafasi za breka. Uingereza ilikwenda njia nyingine. Ilitoka vitani ikiwa na uhaba wa shaba, ikabuni mzunguko wa waya unaozunguka nyumba na kurudi ulikoanzia, na mwaka 1947 ikaweka kiwango cha plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ndani yake, hii hii tunayoitumia Tanzania. Ulinzi ukagawanywa hadi kwenye kila kifaa. Kwa Mwingereza wa leo, kubadilisha boksi mara chache huwa ni kuongeza nguvu. Ni kuondoa plastiki na kuweka chuma kisichoshika moto, na kuongeza kifaa kinachohisi umeme unaovuja.

Japani ina hofu ya tatu. Baada ya tetemeko la Kobe la Januari 1995, moto mwingi ulizuka saa kadhaa baadaye, umeme uliporudishwa kwenye nyumba zilizobomoka huku hita na pasi zikiwa bado zimewashwa. Ndiyo maana huko zipo breka zinazokata zenyewe ardhi inapotikisika. Wanaogopa kurudi kwa umeme. Hilo Mwana-Arusha analielewa upesi kuliko Mwingereza, ingawa sababu yake ni nyingine: kwetu umeme ukirudi hupanda na kushuka, na friji ndiyo inayolipia. Kidude kinachosubiri dakika chache kabla ya kuiruhusu friji iwake kimeenea Arusha bila tetemeko kutufundisha.

Sasa, ipi kati ya tiba hizi inatufaa? Jibu la haraka ni ile ya Marekani: nunua boksi kubwa, jaza breka. Ndiyo inayouzwa madukani na ndiyo inayofundishwa kwenye video. Mimi nadhani ndiyo inayotufaa kidogo kuliko zote. Kwenye volti 230, familia ya kawaida inatosheka na ampea 60 kama haipiki na kuoga kwa wakati mmoja. Tulichopungukiwa ni ardhi.

Nieleze. Katika miji ya Uingereza, shirika la umeme kwa kawaida humpa mteja waya wa athi pamoja na umeme wenyewe. Waya wa moto ukigusa bati la kifaa, mkondo hurudi kwa njia ya chuma tupu, unafika mamia ya ampea, na breka inaruka kufumba na kufumbua. Marekani, nyutro, yaani waya wa kurudisha, na athi hufungwa pamoja ndani ya paneli kuu, na matokeo ni hayohayo. Nyumba nyingi za Arusha hupokea nyaya mbili tu kutoka kwenye nguzo, wa moto na nyutro. Athi ni juu ya mwenye nyumba, ambaye huchimba shimo na kupigilia fimbo ya shaba. Tuseme ardhi inayoizunguka fimbo ile ina ukinzani wa omu 50. Hita ikivujisha, volti 230 kugawanya kwa 50 ni ampea 4.6. Breka ya ampea 30 haisikii chochote. Bati la hita linabaki na moto likimsubiri anayeoga, na wakati huohuo zaidi ya wati 1,000 zinamwagika udongoni, uniti moja ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, kila saa. Nyumba ngapi zimelalamika kwamba LUKU inakimbia bila mtu kufikiria kwamba inapasha udongo!

Ndipo unapoonekana ugumu wa kuazima. Ile skrubu ya kijani inayofunga nyutro na athi pamoja, inayookoa maisha ya Mmarekani, ikifungwa kwenye nyumba yetu ya nyaya mbili inaweza kufanya kinyume: nyutro ikikatika pale nguzoni, kila bati lililounganishwa na athi, kuanzia friji hadi bomba la bafuni, linaweza kupata moto. Kipande kilekile cha shaba, nchi mbili, hukumu mbili. Hakuna aliyekosea, kila mmoja aliandika kanuni kwa kuangalia nguzo iliyo mbele yake.

Tiba yetu halisi ina asili ya Afrika, jambo ambalo husahaulika. Katika miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin wa Afrika Kusini alitengeneza, kwa ajili ya usalama wa migodi ya dhahabu, kifaa kinacholinganisha mkondo unaotoka na unaorudi, na kukata pale kiasi kidogo tu kinapopotea njiani. Austria nayo ilikuwa ikifanya kazi kama hiyo miaka hiyohiyo, kwa njia yake. Kizazi chake cha leo, ambacho mafundi wetu hukiita RCD, hukata kwenye ampea 0.03, yaani sehemu moja ya mia nane ya mkondo wa hita niliyoitaja. Kwa nyumba ya Uingereza kifaa hiki ni ulinzi wa pili. Kwa nyumba ya Arusha, yenye fimbo yake peke yake ardhini, ndicho cha kwanza. Kina kitufe cha kujaribia, na ni vizuri kukibonyeza kila baada ya miezi michache, ingawa najua kumwomba mkazi wa Arusha akate umeme kwa mkono wake ni kumwomba sana.

Kuna nchi moja inayotufanana kuliko hizi zote, nayo ni Brazili. Hita nyingi za kuogea tunazofunga, zile za kichwa cha plastiki chenye waya unaopasha maji yanayopita, ni za aina iliyoenea huko. Wabrazili nao waliishi miaka mingi wakioga chini yake bila athi, hadi sheria ya mwaka 2006 ikalazimisha majengo mapya yawe na mfumo wa athi, na vifaa vya bati viwe na waya wa tatu. Kichwa kile hufika kwetu kikiwa na mkia wa waya wa kijani. Mara nyingi sana nimeukuta umekatwa, au umezungushiwa selotepu na kusukumwa ndani ya ukuta. Kifaa kilivuka bahari, sababu yake ikabaki bandarini.

Sheria nazo hazikosekani. England na Wales, tangu 2005, mabadiliko ya boksi hilo lazima yaripotiwe kwa mamlaka za ujenzi au yafanywe na fundi aliyesajiliwa. Miji ya Marekani hutoa kibali na hutuma mkaguzi. Sisi tuna leseni za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, kwa madaraja, na tuna vishoka, wale wanaojitokeza na bisibisi na maelezo marefu. Sitawadharau wote, baadhi wana mkono mwepesi kuliko wenye karatasi. Tatizo lao ni kwamba hawana kipimo cha athi, na bila kipimo hakuna anayeweza kuijua athi kwa macho.

Katikati ya mji jambo linazidi kuwa gumu. Maghorofa mengi yaliyojengwa na Wahindi yalitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971, iliyogusa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na baadaye yakawa ya Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji anaweza kununua boksi zuri kuliko la London, lakini nyaya zinazopanda ngazi na fimbo iliyo uani ni za jengo zima.

Hivyo kazi nzuri kuliko zote niliyowahi kuiona ilianzia nje. Fundi alifika Februari, ardhi ikiwa imekauka kabisa, na hakugusa ukuta. Udongo wa Meru ni jivu la volkano. Masika unashika maji na fimbo yoyote inaonekana njema, kiangazi unakuwa unga na fimbo ileile inasimama kwenye vumbi. Alipima akapata omu 180. Akachimba shimo jipya karibu na bomba la kumwagia bustani, akapigilia fimbo mbili, akajaza mkaa na chumvi jinsi mafundi wa hapa walivyozoea, akamwaga ndoo ya maji, akapima tena. Boksi jipya lilikuwa bado kwenye katoni yake, barazani. Mwenye nyumba alimuuliza mara mbili ataanza lini.