Mama wa Kambo na Baba Mdogo: Safari ya Mwovu katika Filamu za Katuni

Filamu ya Snow White and the Seven Dwarfs, iliyozinduliwa Los Angeles tarehe 21 Desemba 1937, ilimpa mama wa kambo mwovu umbo ambalo studio ya Walt Disney ililitumia kwa miongo kadhaa. Wahakiki humwita mhusika wa namna hii kikale, yaani sura inayojirudia katika hadithi za jamii nyingi, na mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Jung, alishikilia kwamba sura hizo zimo katika nafsi ya kila binadamu. Hata hivyo, ukale wa mama huyu wa kambo una mashaka, kwa kuwa katika toleo la kwanza la hadithi za ndugu Grimm, lililochapishwa Berlin mwaka 1812, anayeamuru binti auawe ni mama yake mzazi, naye hakugeuzwa kuwa mama wa kambo hadi toleo la 1819.

Kwa kuwa mtazamaji mdogo alipaswa kumtambua mwovu hata kabla hajafungua kinywa, wachoraji waliuweka uovu mwilini: katika nyusi zilizopinda, mashavu yaliyobonyea na vidole virefu. Lady Tremaine wa Cinderella (1950) na Maleficent wa Sleeping Beauty (1959) walitumia hata sauti moja, ya mwigizaji Eleanor Audley, na si kosa kusema kwamba walikuwa mtu yuleyule aliyebadilishiwa mavazi. The Lion King ya mwaka 1994, ambayo majina ya wahusika wake kadhaa yamechotwa katika Kiswahili, ilimweka baba mdogo, Scar, mahali pa mama wa kambo, lakini naye alichorwa mwembamba, mwenye manyoya meusi shingoni, ili asidhaniwe kuwa mwema.

Desturi hiyo ilitikiswa na Frozen (2013). Elsa, mmoja wa wahusika wake wakuu, alikusudiwa kuwa mwovu, lakini wimbo wake mkuu ulipotungwa, watengenezaji walimwona kuwa mtu mwenye hofu kuliko chuki, wakaiandika upya hadithi. Uovu ukahamia kwa Hans, mwanamfalme mtanashati ambaye uso wake haumfichui hata kidogo. Encanto (2021) ilikwenda mbali zaidi kwa kumwondoa mwovu kabisa, ikabaki na bibi anayewaumiza wajukuu kwa woga wa kupoteza kwa mara ya pili kile alichokwisha kunyang'anywa ujanani.