Neno "Bodaboda" na Asili Yake

Wapo walimu ambao wakilikuta neno "bodaboda" katika insha ya mwanafunzi hulikata kwa wino mwekundu, wakidai kuwa ni Kiingereza kilichoharibika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hili lina historia yake, na kwamba historia hiyo ni ya hapa kwetu mpakani.

Asili yake ni neno la Kiingereza "border". Waingereza nao walilikopa kutoka Kifaransa cha kale, ambamo lilimaanisha ukingo wa kitu, kama vile pindo la nguo. Baadaye wakalitumia kutaja mstari unaotenga nchi na nchi, hasa baina ya Uingereza na Uskoti.

Kwetu neno lilikuja pamoja na mstari wenyewe. Mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliofika hadi Naivasha, wakautia katika eneo ambalo leo ni Kenya. Mpaka ukapita katikati ya Wasamia na Wateso, ndugu wakajikuta katika nchi mbili.

Katika miaka ya 1960 na 1970, vituo vya forodha vya Busia vilikuwa mbali kimoja na kingine. Abiria aliyeshuka basi upande mmoja alihitaji namna ya kuvuka. Vijana wakafunga kiti cha sponji nyuma ya baiskeli, wakawa wananadi: "Boda! Boda!" Hivyo jina la mahali likawa jina la safari, kisha la chombo, hatimaye la mwendeshaji mwenyewe. Baiskeli zilipozipisha pikipiki, jina lilibaki. Leo bodaboda za Kampala na Nairobi hubeba abiria wasiovuka mpaka wowote.

Tazama sasa jinsi Kiswahili kilivyolipokea. Neno linaishia kwa irabu, tena limerudufiwa kama "pikipiki". Likitaja chombo, huingia ngeli ya I-ZI: bodaboda imeharibika, bodaboda zimeharibika. Likimtaja mtu, hufuata upatanisho wa A-WA: bodaboda amefika, bodaboda wamefika. Neno lililokwisha kutii sarufi yetu kiasi hiki si mgeni tena.

Je, tuliache neno "mpaka"? La hasha. Mwanafunzi akiandika "boda ya Kenya na Uganda" katika insha rasmi, asahihishwe, kwa kuwa neno "mpaka" lipo na linatosha. Lakini akiandika "nilipanda bodaboda mpaka Tororo", asikatwe alama. "Pikipiki" hutaja chombo tu. "Bodaboda" hutaja chombo, kazi na nauli kwa pamoja.

Mwalimu anayelifuta neno hili humfundisha mtoto wa Busia kwamba lugha hutungwa mbali naye. Ukweli ni kwamba waendesha baiskeli wa mji wake walilichukua neno lililowatenga na jirani zao, wakalifanya jina la kile kinachowavusha.